Rangi ya Uso wa Mama Yake Fausta

Siku yangu ya kwanza kazini niligombezwa kabla sijakalia kiti. Studio ilikuwa Ifakara, karibu na soko, chumba kimoja cha mbele na chumba cha giza nyuma, na mwenyewe tulimwita Fundi Mkuu ingawa fundi mdogo hakuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Aliniajiri kwa sababu aliviona vitambaa nilivyodarizi vikiuzwa nje ya kanisa, akasema mkono huu ni mwepesi. Akaniwekea mezani picha ya mwanamke aliyejifunga khanga, nyeusi na nyeupe kama zilivyokuwa picha zote za wakati ule, akaniuliza, "Hii khanga ni rangi gani?"

"Nyekundu," nikajibu, kwa haraka ya mtu anayetaka kuonekana hodari.

"Umejuaje?"

"Naona."

"Huoni. Unadhani." Akaivuta picha kana kwamba ningeichafua. "Nyekundu iliyoiva, kijani cha kisamvu na nyeusi yenyewe, zote zikiingia kwenye filamu hii zinatoka giza lilelile. Nenda kamuulize mwenye picha. Anakaa Kibaoni."

"Kwa miguu?"

"Kwani una mbawa?"

Nilikwenda Kibaoni kwa miguu, jua la saa sita kichwani, nikiwa nimevaa viatu vya kuazima. Khanga ilikuwa ya kijani. Nilirudi nimenuna, nikamwambia Fundi Mkuu, naye hakucheka wala hakunipongeza. Alinipa kadi ngumu yenye ukubwa wa kiganja, akaniamuru niandike: khanga kijani, mji mweupe, ukuta wa chokaa, viatu hakuna. Kadi ile aliibana nyuma ya picha kwa pini. Tuliiita kadi ya rangi, na kwa maisha yangu yote ya kazi sikupaka picha isiyo na kadi.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana wa kubonyeza. Mnabonyeza simu mara moja, picha ya babu yenu inapata rangi, mnaituma kwa ukoo mzima, na ukoo mzima unajibu kwa vijimoyo. Nani aliiambia simu kwamba kanzu ya babu ilikuwa ya kijivu? Hakuna. Imedhani. Mnanichosha, jamani. Lakini subirini, maana na mimi nitajisema humu ndani, na sitajipunguzia hata kidogo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Picha ya kupakwa rangi ilisafishwa kwenye karatasi isiyong'aa, maana inayong'aa rangi huteleza juu yake. Rangi zilikuja katika kijitabu, kila ukurasa rangi yake. Unakata kipande kama ukucha, unakiloweka kwenye kisahani, maji yanageuka. Unazungushia pamba kwenye kijiti cha kiberiti, unachovya, unakausha kidogo kwenye shavu la mkono wako, ndipo unagusa picha. Ngozi huanza, nguo hufuata, hereni na saa huwa mwisho. Rangi ile ukishaiweka imenywewa na karatasi, huifuti. Ndiyo maana tulipaka nyepesi, tukangoja ikauke, tukapaka tena. Kazi hiyo ya kurudia ndiyo tuliyoiita kunyoosha, na Fundi Mkuu alisema kupaka ni kazi ya siku moja, kunyoosha ni kazi ya mtu mzima.

Ngozi ndiyo iliyonitoa jasho. Watu hawana rangi moja. Kuna weusi wenye wekundu ndani yake, kuna maji ya kunde, kuna weusi unaong'aa kama uliopakwa mafuta hata kama mwenyewe hajaoga. Fundi Mkuu alinizuia kupaka uso wa mtu mpaka niwe nimemwona mwenyewe, au nimeonyeshwa ndugu aliyefanana naye. "Nguo ukiikosea, mtu atacheka," alisema. "Uso ukiukosea, umemnyang'anya mtu wake."

Baada ya miaka minne alinipeleka Mlimba, kwenye tawi lake jirani na stesheni. Huko nilimkuta Msimamizi wa Tawi, na Mungu anisamehe, mtu yule alinikondesha. Alikuwa na imani moja tu duniani, kwamba picha ya rangi ni mdomo mwekundu. Wanawake, wanaume, wazee wa kanisa, wote aliwataka wapakwe mdomo.

"Mteja analipia rangi," alikuwa akisema, "lazima aione kwa mbali!"

"Mteja huyu ana ndevu, Msimamizi."

"Paka mdomo, Kasilda."

Nikapaka. Kijana mmoja wa kambi ya Chita, amepiga picha na sare zake amekakamaa, alishuka kwenye treni wiki ya pili yake kuja kuchukua picha ya kumpelekea mchumba. Aliitazama. Akamtazama Msimamizi. "Afande," akamwambia, ingawa Msimamizi hakuwahi kuwa afande wa kitu chochote, "mimi hapa ndiye bwana harusi au bibi harusi?" Watu wa foleni walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nilimsafishia picha nyingine siku ileile, bila mdomo, na tangu hapo Msimamizi aliniacha na midomo yangu.

Bahasha zilikuja kwa treni kutoka vijiji vyote vya reli, nami kadi zikija hazijajazwa nilizirudisha kwa treni hiyohiyo. Watu walinilalamikia. Picha ya wiki mbili ilichukua miezi miwili. Sikujali. Nilikuwa nimeshakuwa mkaidi kuliko aliyenifundisha.

Kisha filamu za rangi zikafika hata kwetu bondeni, na kazi yetu ikafa bila hata tangazo. Fundi Mkuu alifunga studio, akafariki nikiwa nimesharudi Ifakara. Nililima mpunga, nikadarizi vitambaa, nikasomesha watoto. Nilidhani pamba na kijiti nimeviaga.

Aliyenirudisha kazini ni Meneja. Jina lake Rehema, binti aliyesomea kompyuta Morogoro akafungua duka la steshenari na picha hapahapa mjini. Watu walikuwa wakimletea picha za zamani, zimeliwa na mchwa, zimekunjwa katikati ya pua, wakitaka zitengenezwe na zitiwe rangi. Aliziingiza kwenye mashine, programu ikazipaka kwa dakika moja, na wateja wakazirudisha. Ndipo mtu akamwambia yupo mama mmoja aliyekuwa akifanya hivyo kwa mkono.

"Shikamoo mama," alinikuta uani napepeta. "Nimeambiwa wewe ndiye Mama Rangi."

"Marahaba. Nimeshaacha."

"Mashine inapaka, mama, lakini haijui watu wetu. Njoo uninyooshee."

Hilo neno, kunyoosha, sijui alilitoa wapi. Nilivaa viatu.

Nikawa mnyooshaji wa mashine. Programu inapaka, mimi nakaa mbele ya kioo cha kompyuta na kadi yangu, narekebisha. Haki ya Mungu, sijapata kuona mwanafunzi mzito kama yule. Kila nguo asiyoijua anaipaka bluu. Kila udongo ni kahawia, hata udongo mweusi wa mbugani ambao mtoto wa darasa la pili anaujua. Nyasi ni za uwanja wa mpira. Na nyuso! Watu weusi tititi anawakwangua mpaka wanafanana na waliougua mwaka mzima. Nilikuwa nagombana na kile kioo kwa sauti, wateja wa fotokopi wakidhani nagombana nao.

Nilikaa na Meneja miaka mingi, na kwa miaka ile ya mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Ya mwisho ndiyo iliyoniharibikia, wala sikujua.

Nilichojua ni kwamba kila kitu dukani kilikuwa kimeanza kunikera. Balbu zilififia, nikamwambia Meneja ananunua balbu za bei rahisi. Akabadilisha, nazo zikafifia. Kioo cha kompyuta kikawa na umanjano. Wino ukawa mbovu. Hata nyumbani, wajukuu walikuwa wanatafuna mawe kwenye wali, mimi niliyechagua mchele wa bonde hili tangu nikiwa na meno ya utoto, nikawaambia siku hizi mashine za kukoboa zinachanganya mawe makusudi. Kila mtu alikuwa na kosa. Mimi sikuwa nalo.

Siku moja alikuja mzee wa Kisukuma, Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake zamani. Alikuwa na picha ya marehemu baba yake ameshika kamba ya dume. Wenzetu hawa rangi ya ng'ombe kwao si nyeupe, nyeusi na kahawia tu kama kwetu. Kila mchanganyiko una jina lake, na jina hilo ndilo jina la ng'ombe. Alinitajia la dume lile kwa Kisukuma, nikamwomba anieleze. Hakunieleza. Alinipandisha pikipiki mpaka malishoni nikaonyeshwa kitukuu wa dume lile, nikaandika kwenye kadi: majivu yenye wekundu kwa mbali, tumbo jeupe. Mzee wa namna hiyo ndiye mteja. Nilimpenda.

Nilinyoosha siku mbili. Alipokuja kuchukua, aliitazama picha mpaka nikachoka kumngoja.

"Mama," akasema kwa upole, "dume hili mmelifanya la bluu."

"Bluu iko wapi hapo, mzee? Ni majivu, kama nilivyoona kwa macho yangu."

"Ni bluu, mama."

Nikamwambia picha si ng'ombe, aizoee kwanza. Meneja akaja mbiombio, akamshika mzee mkono, "Nipe mimi, mzee wangu, njoo kesho." Kesho yake mzee aliichukua akaondoka anacheka, nami nikajiambia, unaona, ameizoea.

Siku nyingine Meneja mwenyewe alisimama nyuma yangu, akasema, "Mama, uso huu naona kama umepoa kidogo." Nikageuka na kiti chote. "Umepoa? Mtoto wa juzi unifundishe ngozi? Nimepaka nyuso za bonde hili zima mama yako akiwa tumboni! Penye wazee haliharibiki jambo, hukufundishwa kwenu?" Akasema samahani mama. Hakurudia tena.

Sasa nifike kwa Fausta.

Fausta ni wa Idete. Tulijuana kanisani tukiwa kwaya moja, yeye mdogo wangu kwa miaka kumi hivi, ananiita dada. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Hakumjua. Alichokuwa nacho ni picha moja, ndogo, nyeusi na nyeupe, mwanamke amesimama mbele ya nyumba ya udongo, kitambaa kichwani. Maisha yake yote Fausta alimjua mama yake akiwa wa kijivu. Wanawe walipomwambia wanataka kumjengea bibi yao kaburi, naye ataongoza msafara na picha mkononi, alinijia na ile picha imefungwa kwenye leso.

"Dada Kasilda," akasema, "nataka nimwone kabla sijamfuata. Alikuwaje?"

Nikamuuliza aliye hai aliyemwona ni nani. Amebaki mmoja tu, akasema, dada wa marehemu, mama mkubwa wake, naye hatoki kitandani. Nikaenda Idete na kadi. Bibi yule alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, lakini kichwa kizima. Aliniambia kitambaa kilikuwa cheupe. Gauni lilikuwa rangi ya ndani ya papai, walishonewa pamoja, yeye na mdogo wake, kwa ajili ya Pasaka. Nikafika kwenye uso.

"Ngozi yake, bibi? Alikuwa mweusi kama Fausta?"

"Fausta kamfuata baba yake." Aliushika mkono wangu, akaugeuza, akagonga kidole upande wa ndani, juu kidogo ya kiganja, pale pasipochomwa na jua. "Hii hapa. Kama hii hasa."

Nikaandika kwenye kadi: uso, mkono wangu wa ndani. Mwezi haukwisha, bibi yule akafariki. Hakubaki tena mtu duniani aliyemwona mama yake Fausta, ila ile kadi.

Nilimwambia Meneja picha hii asiiguse, wala mashine isiiguse. Nilianza mwenyewe kutoka nyeusi na nyeupe. Nilikaa nayo wiki nzima, mkono wangu umelala kando ya kioo, natazama mkono, natazama uso. Nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu, nikaipeleka Idete mwenyewe.

Fausta aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ndivyo alivyokuwa," nikamwambia, kwa kujigamba kwangu kote. "Sijadhani hata kidogo. Mama mkubwa wako kanionyesha ngozi yenyewe."

"Ahsante, dada," akasema. "Ndivyo alivyokuwa?"

"Hasa."

Akaniwekea wali na perege, tukala, nikarudi. Nilijua amezidiwa na machozi, watu huwa hivyo.

Wiki kama tatu kabla ya siku ya kaburi, nikasikia kwa wanakwaya kwamba picha haitabebwa. Fausta amesema ibaki nyumbani. Jamani, nilikasirika! Nilimpigia simu, akaniambia, "Tumeona tu dada, msalaba unatosha." Nikamjibu maneno nisiyotaka kuyaandika hapa, likiwemo neno shukrani na neno punda. Nikasema kwenye sherehe yake siendi.

Katika hasira hizohizo mjukuu wangu alivunja jino kwa jiwe la mchele. Mwanangu hakunisikiliza tena habari ya mashine za kukoboa. Alinishika mkono mpaka hospitali, kliniki ya macho. Daktari alinimulika, akaniambia, "Bibi, una mtoto wa jicho macho yote mawili, na si wa jana. Umekuwa ukiona vipi?"

"Vizuri tu," nikasema.

Walinifanyia jicho la kulia kwanza, wakaahidi la kushoto baada ya wiki chache. Asubuhi muuguzi aliponifungua bandeji, kitu cha kwanza nilichouliza ni nani amebadilisha mashuka. Hakuna aliyebadilisha. Nikafumba jicho la kulia, nikatazama kwa la kushoto, lile la zamani: shuka rangi ya chai ya maziwa. Nikafumba la kushoto, nikatazama kwa la kulia: shuka jeupe pe. Chai. Jeupe. Chai. Jeupe. Khanga niliyokuja nayo, niliyoinunua nikijua ni nyeusi, ilikuwa bluu. Muuguzi akadhani naumwa, maana nililia.

Daktari alinieleza akiwa na haraka zake. Mtoto wa jicho ni kama kutazama dunia kupitia glasi ya chai, kila kitu kinakuwa na umanjano, na bluu ndiyo inayopotea kwanza. Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nikabaki pale natafakari habari ya mtu asiyeiona bluu, anayekaa kwenye kompyuta na kuiongeza, kuiongeza, kwa kuwa haioni.

Sikwenda nyumbani. Nilimwambia mwanangu anipeleke dukani, na kitambaa changu jichoni. Meneja alikuwa anatoa fotokopi. "Nifungulie picha ya mama yake Fausta," nikamwambia.

Alisita. Akaifungua.

Kwa jicho la kushoto nilimwona mwanamke mzuri, ngozi kama ya mkono wangu. Nikafumba hilo, nikainua kitambaa, nikatazama kwa la kulia. Uso ulikuwa wa kijivu chenye ubluu, midomo zambarau. Ulikuwa uso wa mtu aliyeopolewa mtoni.

"Rehema," nikasema. "Na nyingine?"

"Nyingine zipi, mama?"

"Usinifanye mtoto. Zote nilizonyoosha. Dume la Mzee Masanja."

Akazima mashine ya fotokopi ili asiwe na pa kujificha. "Nilikuwa nazirudia, mama. Ukishaondoka jioni. Miaka mitatu sasa. Hii tu ndiyo uliyonikataza nisiiguse, na ukaipeleka mwenyewe."

Miaka mitatu! Nikampigia kelele, kwa nini hukuniambia, kwa nini umeniacha nitembee uchi mjini miaka mitatu, nina adui gani kuliko wewe? Aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, "Nilikuambia mama. Uso umepoa. Ulinijibu nini?"

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekaa juu yake nikifundisha watu usafi. Wote walijua. Mzee Masanja alijua. Wateja walijua. Wajukuu wangu walitafuna mawe wakijua. Walinipa shikamoo, wakanipa kiti, wakaniacha gizani kwa heshima zote.

Siku iliyofuata nilikwenda Idete. Picha ilikuwa ukutani, imefunikwa kwa leso. Fausta aliona natazama wapi, akaanza kujieleza, nikamzuia. "Niambie ukweli, mdogo wangu. Uliona nini?"

"Nilimwona maiti, dada." Akakaa chini. "Ulisema ndivyo alivyokuwa hasa. Nikasema basi, kumbe alipigwa picha wakati anakufa na hakuna aliyeniambia. Kumbe mimi ndiye niliyemmaliza kwa kumnyonya. Siwezi kumtazama. Nitawezaje kumbeba mbele ya watu?"

Nimefanya kazi ya picha tangu ujana, na sijapata kuambiwa neno likanikata kama hilo. Maneno ya Fundi Mkuu yalinirudia, kwamba uso ukiukosea umemnyang'anya mtu wake. Mimi nilimnyang'anya Fausta mama yake mara ya pili, na kwa kujigamba.

"Hakuwa anakufa," nikamwambia. "Alikuwa mzima, ameshonewa gauni la Pasaka. Mimi ndiye nilikuwa kipofu. Sikuona, Fausta. Nilidhani."

Zilibaki siku nne. Nilirudi kwa Meneja na kadi. Tulivuta meza mpaka mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi, nikaulaza mkono wangu wa ndani kando ya kioo, nikashika kipanya. Na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nikamuuliza, "Wewe unaona nini?"

"Punguza bluu, mama."

"Hapa?"

"Zaidi. Kwenye paji. Sasa wekundu kidogo shavuni. Hapana, umezidisha."

"Umezidisha" niliimeza kama kwinini, nikapunguza. Tulibishana mara tatu, mara mbili yeye alikuwa sahihi. Siku ya pili tukamaliza. Nilifumba jicho la zamani, nikatazama kwa jipya, kisha nikamwita mteja aliyekuja kununua bahasha, mtu nisiyemjua, nikamwambia atazame mkono wangu na atazame uso. "Ni ndugu yako?" akauliza. Ndipo nikaichapisha.

Fausta alitupokea mlangoni, mimi na Meneja. Sikusema neno, nilikuwa nimeshasema ya kutosha mara ya kwanza. Nilimpa picha na kadi juu yake. Aliisoma kadi, akausoma ule mstari wa uso, akaushika mkono wangu, akaugeuza kama alivyougeuza mama mkubwa wake, akauweka kando ya picha. Alitazama mkono, akatazama uso, akatazama gauni lile la papai. Fausta ana mabinti wanne, na wa mwisho ana miaka ishirini na mbili.

"Kumbe," akasema, "alikuwa binti mdogo tu."

Jumamosi aliibeba yeye mwenyewe, kifuani, njia nzima mpaka makaburini. Nilitembea nyuma yake na kitambaa jichoni.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho. Nimestaafu. Jicho la kushoto nalo limetengenezwa, na mchele wangu hauna mawe. Meneja akikwama huniita, namuuliza kwanza kadi iko wapi. Simu zenu bado zinanikera na zitanikera mpaka kaburini, maana haziulizi. Lakini simu haina masikio, na mimi ninayo mawili. Basi mkinikuta mahali nimekosea, msinipe kiti. Niambieni kosa kwanza, shikamoo nitaipokea baadaye.